Setelaiti haikuoni, inakusikia
Wengi huamini kwamba ukiwasha EPIRB, kile kifaa cha kuomba msaada wa dharura kwenye chombo cha majini, setelaiti inakuona na helikopta inaondoka papo hapo. Sivyo. Kifaa hutuma ishara fupi ya redio, kama nusu sekunde tu, kila baada ya sekunde 50 hivi, kwenye megahezi 406. Setelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, huipokea na kuishusha kituo cha ardhini, nacho hukiarifu kituo cha uokoaji. Hapo kwanza hupigwa simu kwa namba ulizosajili. Kifaa kisichosajiliwa, au chenye namba ya mmiliki wa zamani, hupoteza muda wenye thamani kubwa. Antena isimame wima, ione anga. Na tafadhali, usikizime ili kubana betri: imeundwa kudumu angalau saa 48.