Kanzidata za Kisayansi za Ulaya: Haki na Mipaka ya Mtafiti

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko ya watafiti wanaofungiwa kanzidata (hifadhi za takwimu zilizopangwa) za Ulaya, ieleweke kwamba takwimu kuonekana wazi kwenye intaneti si ruhusa ya kuzikomba. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya namba 96/9/EC wa tarehe 11 Machi 1996 unampa mtengenezaji wa kanzidata haki ya pekee ya kuzuia yaliyomo yasichukuliwe, mbali na hakimiliki, endapo amewekeza kwa kiasi kikubwa katika kupata, kuhakiki au kuwasilisha taarifa zilizomo. Haki hiyo hudumu miaka 15, ikihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata ule kanzidata ilipokamilika. Ikiboreshwa kwa uwekezaji mpya mkubwa, muda huanza upya.

Kinacholindwa ni uwekezaji. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la British Horseracing Board (bodi ya mbio za farasi ya Uingereza) dhidi ya kampuni ya kamari ya William Hill la mwaka 2004, iliamua kwamba gharama za kuzalisha takwimu hazihesabiwi, bali zile za kutafuta takwimu zilizokwisha kuwepo na kuzihakiki. Katika sayansi mpaka huo una utata, kwa kuwa kipimo cha joto la bahari chaweza kusemwa kimezalishwa au kimepatikana, na mtafiti ndiye anayebaki njia panda.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuchukua rekodi chache chache si kosa. Si kweli, na tumelieleza hili mara nyingi. Ibara ya 7(5) ya Mwongozo huo wa 1996 inakataza uchukuaji wa vipande vidogo unaorudiwa kwa utaratibu, ukipingana na matumizi ya kawaida ya kanzidata au kumdhuru mtengenezaji isivyo haki. Programu inayonakili rekodi za spishi ukurasa kwa ukurasa usiku kucha yaweza kuangukia hapo, na mahakama yaweza kuamuru uchukuaji usitishwe, nakala ziharibiwe na fidia ilipwe.

Njia halali ipo. Ibara ya 3 ya Mwongozo mwingine wa Umoja wa Ulaya, namba 2019/790, inaziruhusu taasisi za utafiti zilizoingia kwenye kanzidata kihalali kuichambua kwa mashine kwa madhumuni ya kisayansi, na kifungu cha mkataba kinachopinga ruhusa hiyo hakina nguvu. Aliyeko Dar es Salaam afanye uchambuzi huo kupitia taasisi mshirika iliyoko Ulaya, kwa makubaliano ya maandishi.

Linalotusikitisha ni Ibara ya 11 ya Mwongozo wa 1996, inayowapa haki ya pekee raia, wakazi na kampuni za nchi wanachama, labda yawepo makubaliano maalumu. Kanzidata ya samaki wa Ziwa Victoria iliyojengwa Mwanza kwa jasho lile lile haipati haki hiyo Ulaya. Inabakiwa na hakimiliki ya uteuzi na mpangilio wa taarifa zake, pamoja na mkataba na anayezitumia. Kwa hiyo mkataba usainiwe kabla faili halijatumwa.