Kufuta folda ya mtu si kumwondoa kwenye kompyuta

Jumatatu nimepigiwa tena simu ileile. Mkuu wa kitengo cha uhasibu katika ofisi moja ninayoihudumia hapa Dar es Salaam, mtu mzima ninayemheshimu, ananiambia: "Kijana wangu, usihangaike kuja. Ile kompyuta ya dada aliyehama tumeshaisafisha wenyewe. Tumeingia C, tukafungua Users, tukafuta folda yenye jina lake. Wewe mtengenezee tu huyu mgeni akaunti."

Nikamwomba asiiguse tena mpaka nifike. Njiani nikawa nahesabu ni mara ya ngapi mwaka huu. Nimeyasikia kwa watumiaji, kwa vijana wa fildi wanaoletwa kwangu kujifunza, na kinachoniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu wenye uzoefu. Wote wanaamini kwamba mtumiaji ni folda: ukiifuta, mtu kaondoka. Leo naandika ili siku nyingine nikipigiwa nitume maelezo haya badala ya kupanda bodaboda.

Folda iliyo ndani ya C:\Users ni ghala tu. Daftari linalosema ghala hili ni la nani limewekwa kwingine kabisa, ndani ya rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, kwenye ufunguo (kama folda ya humo) unaoitwa ProfileList. Kila aliyewahi kuingia kwenye mashine ile ameandikwa humo, na hakuandikwa kwa jina. Ameandikwa kwa SID, ile namba ndefu ambayo kwa akaunti za kawaida huanza na S-1-5-21. Chini ya namba hiyo kuna thamani inayoitwa ProfileImagePath, nayo ndiyo inayoiambia Windows kwamba vitu vya mwenye namba hii viko folda fulani. Jina unaloliona wakati wa kuingia ni la kumsaidia binadamu. Mashine inamtambua mtu kwa namba.

Sisemi kwamba folda ni tupu. Mipangilio ya mtu kweli imo humo, kwenye faili lililofichwa liitwalo NTUSER.DAT: picha ya nyuma, lugha ya kibodi, printa aliyoizoea, jina lake ndani ya Word, na mamia ya mambo mengine ambayo hakuna anayekumbuka aliyaweka lini. Kwa hiyo anayefuta folda anafuta kitu cha kweli. Ila daftari linabaki limeandikwa kwamba mwenye namba hii yupo na ghala lake liko pale, wakati ghala limeshabomolewa.

"Sasa tatizo liko wapi, kama kashahama?" Tatizo ni kwamba watu wanarudi. Kwenye ofisi moja, dada mmoja alihamishiwa tawi la mkoani, na fundi aliyekuwepo akafuta folda yake kwa mkono. Miezi michache baadaye akaitwa kuja kusaidia kufunga hesabu. Akaingia kwa jina lake na pasiwadi yake, vyote vikakubali. Windows ikasoma daftari, ikaenda kutafuta folda, haikuiona, ikamwingiza kwenye profaili (yaani folda na mipangilio ya mtumiaji) ya muda, ile inayokaa C:\Users\TEMP. Katangazo kadogo kakatokea pembeni ya skrini, naye akakafunga kama sote tunavyofunga matangazo. Akafanya kazi kutwa nzima, akahifadhi kila kitu kwenye desktopu. Jioni akatoka, na profaili ya muda hufutwa mtumiaji anapotoka. Asubuhi aliponiita alikuwa analia. Kumbukumbu za mfumo zilikuwa na tukio namba 1511, ambalo maana yake ni hiyohiyo: profaili haikupatikana, mtumiaji ameingizwa kwa ya muda. Tulihangaika na programu ya kurudisha faili zilizofutwa, tukapata vipande visivyofaa. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama uzembe mdogo.

Njia sahihi haichukui hata dakika tano. Ingia kwa akaunti nyingine yenye haki za admini, yaani msimamizi wa mashine, maana profaili iliyo wazi haifutiki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha Advanced, kisha sehemu ya User Profiles. Chagua jina, futa. Windows yenyewe itaondoa folda na mstari wa daftari kwa pamoja. Jina likigoma kufutika, zima na washa mashine kwanza, kwa sababu mara nyingi kuna programu bado imeshikilia NTUSER.DAT. Wenye mashine nyingi watumie PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, na Win32_UserProfile, orodha yake ya profaili. Kazi ni ileile. Na kama folda imeshafutwa kwa mkono, fungua ProfileList, tafuta SID ambayo njia yake inaelekea folda isiyokuwepo, hifadhi nakala ya ufunguo huo, ndipo uufute. Angalia pia kama kuna SID hiyohiyo yenye mkia wa .bak. Ukiukuta, ujue mtu alishaingia baada ya folda kufutwa.

Jambo la pili nitalipitia haraka ingawa linanikera vilevile: "Badilisha tu jina la akaunti." Ukimbadilisha Asha kuwa Juma, SID haibadiliki, folda inabaki kuitwa asha, na NTUSER.DAT ni ileile. Juma anaanza kazi ndani ya nguo za Asha. Anaandika barua ya zabuni, na kwenye sifa za faili mwandishi ni Asha, ambaye huenda kwa sasa yuko kwa mshindani. Anafungua barua pepe, akianza kuandika herufi mbili anapendekezewa watu wa Asha. Fungua akaunti mpya. Hailipiwi.

Sasa niseme kuhusu kosa ambalo ni baya kuliko kufuta folda, na hulifanya watu wenye nia njema kabisa. Mtu anaingia kwenye akaunti ya aliyeondoka, iwe kwa pasiwadi yake iliyobandikwa chini ya kibodi au kwa kumwomba, halafu anaanza kusafisha kwa ndani. Anafungua Chrome, anafuta pasiwadi zote zilizohifadhiwa, alamisho zote, historia yote. Anafungua desktopu, anachagua vyote, anafuta. Anaona amefanya kazi safi.

Kama Chrome hiyo ilikuwa imeunganishwa na akaunti ya Google ya aliyeondoka na usinki (kulinganisha vifaa vyake vyote) umewashwa, ulichofuta pale hakikufutika kwenye kompyuta ya ofisi peke yake. Amri imepanda hadi kwenye akaunti yake, imeshuka kwenye simu yake na kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Pasiwadi za benki yake, za shule ya watoto, za kila kitu alichozoea kukiacha Chrome ikumbuke, zimeondoka akiwa amekaa kwake anapika. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ni hivyohivyo. Ofisi nyingi siku hizi zimeelekeza desktopu na Documents ziingie OneDrive, kwa hiyo faili unalofuta kwenye desktopu ukiwa ndani ya akaunti yake linafutwa na huko juu. Akaunti ya kazi hulishikilia faili kwenye pipa la taka kwa siku 93, ya binafsi kwa siku 30. Baada ya hapo hakuna wa kumlilia.

Wanafunzi wangu huchanganyikiwa hapa, na sishangai. Ukifuta profaili nzima kutoka kwenye akaunti ya admini, kwa njia niliyoieleza juu, hayo hayatokei. OneDrive ya yule mtu haiendeshwi muda huo, Chrome yake haiendeshwi, kwa hiyo hakuna wa kupeleka taarifa juu kwamba vitu vimefutwa. Kompyuta inasahau, akaunti inabaki na vyake. Ukifuta kwa ndani, huku programu zimewashwa, programu zinaelewa kwamba mwenyewe ndiye aliyeamua. Matokeo ni mbalimbali kabisa. Lakini kuna upande wa pili: faili ambalo lilikuwa halijamaliza kupanda, labda kwa sababu bando la ofisi lilikata, lipo kwenye diski hiyo peke yake, na ukifuta profaili limekwenda. Ndiyo maana kabla ya yote natazama alama ya OneDrive kuona kama vyote vimepanda, na namwita mwenyewe achukue vyake kama bado anafikika.

Kumwita mwenyewe si adabu tu. Kompyuta za kazi nilizofungua zimekuwa na nakala za vitambulisho, vyeti vya hospitali, risiti za ada, picha za msiba. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Mwajiri ana haki na kompyuta yake. Hiyo haimpi fundi ruhusa ya kuchungulia cheti cha ujauzito cha mtu. Mimi sifungui. Nikiona folda yenye jina kama "Binafsi", naacha hadi mwenyewe aje na fleshi yake.

Yapo mambo ambayo hata ukifuta profaili kwa usahihi hayaguswi, kwa sababu si ya mtu, ni ya mashine. Wi-Fi zilizohifadhiwa kwa watumiaji wote. Kazi zilizopangiwa muda. Printa iliyowekwa kwa anwani ya IP. Kinachonitia hofu kuliko vyote hivyo ni AnyDesk, TeamViewer na ndugu zao, programu za kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Mtu aliyekuwa na haki za admini aliisimika ili afanye kazi akiwa nyumbani, akaiwekea pasiwadi ya kuingia bila mtu kukubali upande wa pili. Programu ikisimikwa hivyo huendeshwa kama huduma ya mfumo, na mipangilio yake haikai kwenye folda yake. Umefuta profaili, umekabidhi kompyuta kwa mhasibu mpya, na aliyeondoka bado ana mlango. Huenda hata yeye amesahau kwamba anao.

Kwa sababu hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengine wanaona ni wa kupitiliza: kama aliyeondoka alikuwa admini wa mashine ile, sifuti profaili. Napiga windo upya, yaani nafomati na kusimika Windows mpya. Siwezi kuhakiki kila alichosimika kwa miaka mitatu, na fundi anayeniambia anaweza simwamini. Lakini piga windo kweli. Ukisimika Windows juu ya ile ya zamani bila kufomati, folda zote za zamani zinahamishiwa Windows.old, na Users nzima imo humo, inafunguka. Na diski D, ambayo mafundi wetu hupenda kuikata pembeni "ili usipoteze vitu vyako", haikuguswa kabisa. Nimekabidhiwa mashine "mpya" ambazo D ilikuwa na mishahara ya wafanyakazi wote.

Kabla ya kufomati au kufuta akaunti yoyote, chukua ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski ili isisomeke bila ufunguo huo. Mashine nyingi mpya husimba diski zenyewe, na kama mtumiaji wa kwanza aliingia kwa akaunti yake binafsi ya Microsoft, ule ufunguo wa tarakimu 48 umehifadhiwa huko kwake. Siku mashine itakapouomba, mtakuwa mnampigia mtu mliyeachana naye vibaya.

Kuna jambo moja sijatulia nalo. Windows inayo sera ya kufuta yenyewe profaili ambazo hazijatumika kwa siku kadhaa, na vitabu huieleza kama dawa. Niliiwasha, nikaizima. Umri wa profaili umekuwa ukipimwa kwa alama za tarehe ambazo masasisho au antivirasi huweza kuzigusa, hivyo profaili ya mtu aliyeondoka mwaka jana inaonekana ilitumika jana. Matoleo ya karibuni yamebadilisha namna ya kupima, lakini bado siiamini vya kutosha kuiachia vitu vya watu. Nina orodha ya mkono, na nauliza idara ya utumishi kila mwisho wa mwezi. Ni njia ya polepole. Na faili zilizofutwa zenyewe? Kwenye diski ya kuzunguka zinaweza kurudishwa mpaka ziandikwe juu. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, TRIM (amri inayoiambia diski isafishe nafasi za vilivyofutwa) kwa kawaida huzimaliza mapema, lakini sitamwahidi mtu kwamba hakuna kilichobaki.

Pale uhasibu Jumatatu, nilikuta SID ya yule dada bado imo ndani ya ProfileList, nikaitoa. AnyDesk ilikuwepo, nikaitoa pia. Nikamfungulia mgeni akaunti, nikamwomba aingie mwenyewe, aandike mstari mmoja kwenye Word na kuuchapa. Tukaangalia sifa za faili: mwandishi ni yeye. Kisha nikampigia yule dada aliyehama, nikamwambia, "Dada, fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa." Ilikuwepo, kompyuta ya ofisi, imeunganishwa tangu alipokuwa hapa. Akaitoa tukiwa bado tunaongea.