Kununua umeme kwa jirani si dalili ya kushindwa

Wengi wetu tunaamini kwamba nchi inayonunua umeme ng'ambo ya mpaka imeshindwa kuzalisha wa kwake. Dhana hiyo ina mantiki yake: tunapenda kujitegemea, na kukatikiwa umeme kunauma.

Lakini umeme hupotea njiani, na kadiri unavyosafiri mbali ndivyo unavyopungua. Tanzania ina mitambo ya megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, kusini mashariki. Kiwanda cha Arusha kiko mamia ya kilomita kutoka hapo, ila mpaka wa Kenya uko jirani tu. Kupokea umeme kaskazini huku ukiuza wa ziada kwingine ni hesabu ya kawaida. Ujerumani na Ufaransa huuziana kila siku, leo huyu muuzaji, kesho yule.

Tena kuna mitambo ambayo haina mwenye nyumba mmoja. Maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera, yanatoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Kwa Burundi fungu hilo ni kubwa mno, na viwanda vinavyolipata hupunguza kuunguza dizeli.

Ukitaka kuhakiki, tafuta ripoti ya mwaka ya mdhibiti wa nishati wa nchi yako. Angalia umeme ulioingia na uliotoka, kwa gigawati-saa. Megawati huonyesha uwezo wa mtambo tu; gigawati-saa ndizo zinazoonyesha kiasi kilichotumika kweli.