Hedhi Ikikoma, Ubongo Unapoteza Nini? Homoni za Kike na Kiharusi

Mama wa miaka 54 aliyepata kiharusi aliletwa kliniki kutoka Mbagala, mkono wa kulia umefungwa kwenye kanga kama mtoto aliyelala, maneno yakimtoka nusunusu. Aliyemleta ni binti yake. Alipomaliza kunipa shikamoo hakuuliza habari ya mazoezi wala ya dawa. Alisema, "Dokta, mama hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo mwili haujakaa sawa. Jirani anasema akimeza vidonge vya homoni ubongo utarudi. Tununue?"

Nilimjibu, "Hapana, mwanangu, msinunue." Lakini swali lake linastahili jibu refu kuliko hilo, maana nusu ya aliyosema jirani ina ukweli ndani yake.

Katika umri wa makamo, kabla hedhi haijakoma, wanawake hupata kiharusi kwa uchache kuliko wanaume wa rika lao. Hedhi ikishakoma, tofauti hiyo huanza kupungua. Watafiti walipotaka kujua sababu walianza na panya. Mshipa mmoja wa ubongo huzibwa kwa muda uleule, kwa jike na kwa dume. Kisha ubongo hukatwa vipande vyembamba na kuloweshwa kwenye dawa ya rangi. Sehemu iliyo hai hugeuka nyekundu, iliyokufa hubaki nyeupe. Ukivipanga vipande hivyo mezani tofauti unaiona kwa macho: kwa jike kijana lile doa jeupe ni dogo kuliko la dume. Akitolewa ovari, yaani vifuko vya mayai, doa linakua. Akirudishiwa estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, kabla mshipa haujazibwa, doa linapungua tena.

Estrojeni hufanya nini humo ndani? Mshipa unapoziba, seli za katikati hufa kwa dakika chache, lakini kuzizunguka kuna ukanda wa seli zilizozimia ambazo bado hazijafa. Huo ukanda ndio tunaoupigania. Seli zinazokufa humwaga kemikali iitwayo glutameti, nayo ikizidi huua jirani zake, kama nyumba ya makuti inayorusha cheche kwenye paa la pili. Estrojeni hupunguza ukali wa sumu hiyo, huilegeza mishipa midogo ili damu kidogo iendelee kupita, na huzituliza chembe za kinga zisilivamie eneo lililojeruhiwa kwa pupa. Tena ubongo wenyewe una kimeng'enya kiitwacho aromatizi kinachotengeneza estrojeni papo hapo, na baada ya jeraha seli zinazoilea mishipa ya fahamu huongeza kazi hiyo. Hata ubongo wa mwanamume hufanya hivyo, kwa kuigeuza homoni yake ya kiume.

Kwa ushahidi kama huo, mtu yeyote angesema basi wapewe kina mama. Nchini Marekani wakapewa. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya jaribio la wanawake 664 waliokwisha koma hedhi na waliokuwa wametoka kuugua kiharusi au dalili zake za kupita. Estrojeni haikuzuia kiharusi kurudi, wala haikupunguza vifo. Mwaka uliofuata jaribio kubwa zaidi, la wanawake zaidi ya 16,000 waliopewa estrojeni pamoja na homoni ya aina ya projesteroni, homoni nyingine ya kike, lilisimamishwa kabla ya wakati wake, hasa kwa sababu ya saratani ya matiti. Viharusi navyo vilikuwa vimeongezeka, visa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Jaribio lingine, la estrojeni peke yake, nalo likasimamishwa mwaka 2004, kwa sababu ya kiharusi.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na sayansi. Mimi naona hapa ndipo ilipotufundisha zaidi. Yule panya alikuwa kijana, mishipa yake laini, na homoni aliipata kabla ya jeraha. Wanawake wa lile jaribio la kwanza walikuwa na umri wa wastani wa miaka 71. Ukuta wa mshipa uliokwisha kakamaa kwa presha na mafuta hauipokei estrojeni kama ule wa ujana. Halafu kidonge kinachomezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini likikutana na estrojeni huongeza vitu vinavyogandisha damu. Homoni ileile iliyokuwa mlinzi ndani ya ubongo inakuwa chanzo cha bonge la damu njiani. Ndiyo maana kwa aliyekwisha kupata kiharusi vidonge hivyo si tiba. Mwanamke mwingine anayesumbuliwa na joto la ghafla na kukosa usingizi anaweza kufaidika na homoni akianza mapema, lakini hilo aliamue na daktari aliyempima.

Projesteroni nayo ilionekana kupunguza uvimbe wa ubongo kwa wanyama. Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa kwa watu walioumia kichwa hayakuonyesha faida.

Sasa nirudi Dar es Salaam. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi kipya kwa watu 316 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka hapa jijini, dhidi ya 109 hivi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Ovari za wanawake wa Ilala hazina tofauti na za wanawake wa Hai. Presha ya mama huyu siku alipougua ilikuwa 190 kwa 110, na vidonge vyake vya presha alikuwa ameviacha tangu mwezi wa Ramadhani kwa sababu alijisikia mzima. Alipoanguka alfajiri, nyumbani walidhani kapitiwa na upepo mbaya. Mpaka wanapata bajaji ilikuwa mchana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba hufa seli za ubongo zipatazo milioni 1.9. Uso ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, nendeni hospitali kubwa saa ileile, na mkumbuke muda dalili zilipoanza.

Nilipokuwa naandika kwenye faili, binti akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe anatumia vidonge vya majira, vile vyenye homoni mbili, ananunua duka la dawa la mtaani. Nikamuuliza kuhusu kichwa. Akasema kinamuuma mara kwa mara, upande mmoja, na kabla hakijaanza huona vimulimuli vya zigizaga pembeni mwa jicho kwa kama dakika ishirini.

Nikaweka kalamu chini. Kwa mwanamke mwenye kipandauso cha namna hiyo, vidonge vyenye estrojeni havifai kabisa, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana hatari ya kiharusi hupanda. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulimpima presha, 128 kwa 82, tukampeleka chumba cha pili chenye nyota ya kijani mlangoni, alama ya uzazi wa mpango. Alitoka na miadi ya kuwekewa kitanzi cha shaba, kisicho na homoni, na mama yake akatoka na kadi ya presha yenye tarehe ya kurudi.