Ukili, nyimbo na bao: maswali ya jamaa kuhusu sanaa katika makao ya wazee

Kusuka na kuimba humsaidia nini mzee kiafya?

Humsaidia sana. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaonyesha kuwa muziki, ngoma na kazi za mikono zinaweza kupunguza huzuni na wasiwasi, na huwafaa hata wenye ugonjwa wa kusahau. Mzee aliyetoka Mji wa Kale au Likoni, hapa Mombasa, ameacha baraza lake na majirani. Akiingia makaoni, anaweza kushinda kutwa bila mtu kumuuliza chochote anachokijua.

Mama yetu ana baridi yabisi ya vidole. Ataweza kusuka?

Huenda akaweza, taratibu. Vidole vikiamka vimekakamaa, avitie kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Ukindu wa kusukia ukili, yaani utepe wa kutengenezea mkeka, uwe mpana na uloweshwe ulainike, naye apumzike kila baada ya muda mfupi. Siku viungo vimevimba na vina moto, asisuke. Achague rangi za mkeka na kuwaelekeza wengine.

Kuna jambo linaniuma. Bibi aliyelea wanawe kwa kushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, hupewa picha ya katuni ya watoto aipake rangi. Hata kama macho hayamruhusu tena kutunga uzi kwenye sindano, mwekeeni kofia mapajani amfundishe mhudumu kijana mishono. Hapo anakuwa fundi tena, na watu huja kwake kujifunza. Katiba ya Kenya, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kujiendeleza, na haki hiyo haiishii mlangoni mwa makao.

Baba alipata kiharusi, hasemi. Nyimbo zitamfaa?

Mjaribuni. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, lakini kuimba hushirikisha pia upande wa kulia. Ndiyo maana wapo wasioweza kutamka sentensi ila wakaweza kuimba maneno ya wimbo wanaoujua. Anzeni na za ujana wake, iwe taarabu, kasida au wimbo wa kanisani. Asiyetaka muziki kwa sababu ya dini ana tenzi, vitendawili na bao. Mazoezi ya mtaalamu wa usemi yaendelee vilevile.

Saa gani inafaa?

Asubuhi baada ya chai, jua halijawa kali, mahali penye mwanga wa kutosha. Wengi wenye ugonjwa wa kusahau huhangaika zaidi jioni.

Kina mama wanataka kupakana hina. Ni salama?

Hina ya majani kwa kawaida haina neno. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi nyeusi ndiyo ya kuepuka, kwani inaweza kubabua ngozi.

Na akikataa kila kitu?

Msimlazimishe, wengine hupenda kukaa pembeni watazame. Lakini akipoteza hamu ya mambo yote, akawa hali chakula vizuri wala hapati usingizi, na hali hiyo ikadumu wiki mbili, mpelekeni kwa daktari. Huenda huzuni yake imefikia kuwa ugonjwa, nao hutibika hata akiwa na miaka 80. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Mkiambiwa "ni uzee tu", ombeni barua ya kumpeleka huko.