Dereva Mpya wa Daraja E: Kutoka Fuso Hadi Safari za Nje

Ofisi yetu inazidi kupokea malalamiko ya vijana waliopata leseni daraja E, ile ya malori, kisha wakakosa kazi. Wanazunguka kwenye kampuni za usafirishaji na jibu ni lilelile: rudi ukiwa na uzoefu. Baadhi wanaona wamenyimwa haki yao. Naomba tuelewane hapa: leseni inakuruhusu kuendesha lori, haimlazimishi mwenye mali kukukabidhi kichwa cha lori, trela na mzigo wa mteja wake. Hili tunalieleza kila mwaka.

Utaratibu uko wazi. Ili upewe daraja E ni lazima uwe umekaa na daraja D kwa muda usiopungua miaka 3, upate mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, kwa mfano NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) pale Mabibo, Dar es Salaam, au VETA (vyuo vya ufundi stadi), upimwe na Polisi wa Usalama Barabarani, ndipo TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ikutolee leseni. Leseni hudumu miaka 5. Ihuishe kabla haijaisha, kwa sababu ikikuishia njiani, gari linasimama na mzigo unasimama nalo. Kwa magari ya biashara, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo ina utaratibu wa kuwasajili na kuwathibitisha madereva. Usisubiri ukaguzi ndipo uulize. Anayekuahidi kukurusha ile miaka 3 kwa malipo anakuuzia kesi.

Kuhusu faini: kosa linalolipiwa kwa notisi ya polisi, bila kwenda mahakamani, ni shilingi 30,000, na deni linaonekana kwenye mfumo wa polisi. Wapo wanaoamini kwamba ukibadilisha gari deni limekufa. Halifi. Mwajiri makini anaweza kuliona kabla hajakuita kwenye usaili.

Anza na Fuso au gari la tani 10, na wala usione aibu kupanda kama utingo wa dereva mzoefu. Hapo ndipo utajifunza kupakia, jambo ambalo madereva wengi wapya hulidharau. Chukua mfano wa saruji. Wapakiaji wanataka kumaliza haraka, wanarundika mifuko mbele ya trela. Ukifika mizani ya Vigwaza mkoani Pwani, uzito wa jumla uko chini ya kiwango kinachoruhusiwa, lakini ekseli (mihimili ya magurudumu) mbili za nyuma za kichwa, ambazo kikomo chake ni tani 18, zimezidi. Unalumbana na mpimaji kwamba gari halijazidisha. Limezidisha, maana sheria inapima ekseli pia. Mzigo itabidi upangwe upya, na mteja anasubiri. Simama pale mzigo unapopakiwa, hesabu, kataa inapobidi.

Ukikabidhiwa semi, yaani kichwa na trela, ya njia ya Tunduma, mtihani wako ni mteremko kama wa Kitonga, Iringa. Gia nzito inaingizwa juu, kabla hujaanza kushuka, na breki ya injini inafanya kazi ya kwanza. Anayeshuka nyutro ili aokoe mafuta, au anayekanyaga breki mfululizo mpaka zinanuka, anafika chini bila breki. Tafadhali, tunazika watu kwa jambo hili. Mwendo wa lori mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi, hata kama bosi anapiga simu.

Safari za nje kama Kasumbalesa (mpaka wa Zambia na Kongo) au Kigali zinahitaji pasipoti, kadi ya homa ya manjano, bima inayotambulika ng'ambo ya mpaka na nyaraka za forodha zinazolingana na mzigo. Lakiri (sili) ya forodha usiiguse kwa sababu yoyote. Matenki ya mafuta na kemikali huja baadaye kabisa. Kwa kemikali kuna mafunzo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nayo yanafungua mlango wa mizigo ya migodini. Wenye rekodi safi huishia kuwa wakufunzi au wasimamizi wa magari.

Viwango vya mshahara na posho si mamlaka yetu kuvitaja. Dai mkataba wa maandishi na uusome kabla ya kupokea ufunguo. Na unapoondoka kwa mwajiri, hata kama hamkuachana vizuri, omba cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akupe. Wengi mnaolalamika kwamba hamna uzoefu, uzoefu mnao. Mmeondoka bila karatasi.