Komedi ya uhalifu: filamu isiyo na stelingi

"Stelingi yupi?" Ingia kibanda umiza chochote cha Mtwara, Chikongola au Mikindani, na utalisikia swali hilo. Aliyechelewa huuliza kabla hata hajapata nafasi kwenye benchi, na jirani humwonyesha kwa kidole. Komedi ya uhalifu ni aina ya filamu inayomfanya jirani huyo ababaike.

Kwa kifupi ni filamu ya wizi, utekaji au utapeli iliyotengenezwa ili ichekeshe. Lakini filamu nyingi za majambazi zina mchekeshaji mmoja ndani, na haziitwi komedi kwa ajili yake. Hapa kicheko kinatoka kwenye mpango wenyewe. Wahusika wamedhamiria kweli, wamekesha wakipanga, hakuna anayefanya mzaha, ila tabia zao ndizo zinazowaponza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Bottle Rocket ya mwongozaji Wes Anderson, iliyopigwa Texas na kutoka mwaka 1996. Ilipita kimyakimya, haikuingiza hata dola milioni 1 kwenye sinema za Marekani, ingawa mwongozaji mkongwe Martin Scorsese baadaye aliitaja kati ya filamu alizozipenda za miaka ya 1990. Inastahili watazamaji wengi kuliko iliowapata.

Tazama inavyoanza. Anthony yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, aliingia kwa hiari na ameruhusiwa kutoka mlangoni. Rafiki yake Dignan hajui hilo: amejificha nje, anasubiri kumtorosha. Anthony anamwona daktari akishangaa, anamweleza kwamba mwenzake amefurahia sana mpango huu, kisha anafunga mashuka na kushuka dirishani. Tunacheka, na papo hapo tumeshajua Anthony ni rafiki wa namna gani.

Mengine yanafuata mkondo huohuo. Wizi wa kwanza, wa mazoezi, wanaufanya nyumbani kwa wazazi wa Anthony. Bob yumo kwenye kundi kwa sababu ndiye mwenye gari. Anawakimbia nalo, na baadaye wanampokea tena. Siku ya kazi kubwa wamevaa ovaroli za njano, na fundi waliyemtegemea kufungua sefu anashindwa kuifungua. Mwenzao Applejack anaanguka kwa ugonjwa wa moyo. Dignan, ambaye angeweza kukimbia, anarudi kumfuata, na polisi wanamkamata.

Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kufundishwa namna hii ya kucheka. Mtani anapofika msibani amevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, waliokuwa wanalia wanacheka, na msiba unabaki msiba. Komedi ya uhalifu ikiwa nzuri hufanya vivyo hivyo: wizi unabaki kosa, jela inabaki jela. Ile inayosahau hilo, ikawafanya wahalifu wawe vikaragosi tu, mimi huiacha katikati.

Mwishoni Anthony na Bob wanaenda kumwona Dignan gerezani. Wakiwa uani anaanza kuwaamrisha kwa sauti ya chini: wewe simama hapa, wewe pale, tunatoka sasa hivi. Ni utani wake. Lakini kwa sekunde chache, kabla hawajatambua, nyuso zao zinaonyesha kwamba wanajiuliza waanze na mguu gani.